Kuchagua na Kupika Resini Maalumu za PVA Kiwandani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa uzalishaji, wakemia wa viwandani na wanunuzi wa malighafi ambao tayari wanatumia polivinili alkoholi, kwa kifupi PVA, polima inayoyeyuka kwenye maji, katika gundi, karatasi au nguo, na ambao sasa wanaletewa na wauzaji orodha ndefu za resini maalumu, yaani PVA iliyorekebishwa kikemia, zenye bei ya juu kuliko ile waliyoizoea. Resini hizo zina kazi yake, na katika matumizi fulani hazina mbadala. Hata hivyo, mara nyingi hununuliwa ili kuondoa kasoro iliyotokana na upishi mbaya wa resini ya kawaida, na hapo fedha hupotea bure, kwa sababu resini iliyorekebishwa ikipikwa ovyo hutoa madonge yaleyale. Ndiyo maana hapa tunaanza na kusoma namba zilizo kwenye gunia, tunaendelea na kuitaja kasoro kwa usahihi, kisha ndipo tunaingia katika uchaguzi na upishi.

Hatua ya 1: Fahamu namba zilizoandikwa kwenye gunia

PVA haitengenezwi moja kwa moja kutokana na vinili alkoholi, kwa kuwa kemikali hiyo haitulii. Ikiundwa tu hugeuka kuwa asetaldehidi. Njia inayotumika ni ile iliyoanzia kwa Willy Herrmann na Wolfram Haehnel nchini Ujerumani mwaka 1924: vinili asetati huunganishwa kuwa minyororo mirefu, kwa kawaida ndani ya methanoli, kisha vikundi vya asetati vilivyoning'inia kwenye minyororo hiyo huondolewa kwa msaada wa soda kali. Asilimia ya vikundi vilivyoondolewa huitwa kiwango cha hidrolisisi, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kuijua. Namba ya pili ni urefu wa mnyororo, ambao kiwandani hupimwa kwa mnato wa myeyusho wa asilimia 4 kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, kwa kipimo cha milipaskali-sekunde.

Resini ya asilimia 98 hadi 99 huitwa ya hidrolisisi kamili. Minyororo yake hujipanga kwa karibu na kushikana, hivyo huyeyuka kwenye maji ya moto tu, na utando wake ukikauka huwa mgumu na huvumilia maji baridi kwa kiasi. Resini ya asilimia 87 hadi 89 huitwa ya hidrolisisi ya sehemu. Asetati zilizobaki huvuruga mpangilio wa minyororo, kwa hiyo huyeyuka kwa urahisi zaidi, hushika vizuri juu ya poliesta na plastiki, lakini pia hutoa povu jingi kwa sababu hupunguza mvutano wa uso wa maji. Chini yake kuna resini za asilimia 70 hadi 80, ambazo huyeyuka katika maji baridi na kujitenga tena maji yakipashwa moto. Hizo hutumika hasa kuzuia matone yasishikane wakati wa kutengeneza plastiki ya PVC, na msomaji wa kiwanda cha gundi anaweza kuzipita.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba kila nchi ina namna yake ya kuandika namba hizi. Gunia la China lililoandikwa 1788 lina minyororo ya wastani wa viungo 1,700 na hidrolisisi ya asilimia 88. Kampuni ya Kuraray ya Japani ilizoea kuita resini ya aina hiyo PVA-217, ambapo tarakimu 2 inaonyesha hidrolisisi ya sehemu na 17 ni viungo 1,700. Katika mfumo wake mwingine resini hiyohiyo huandikwa 22-88, yaani mnato wa karibu 22 na hidrolisisi ya 88. Kwa hiyo 1788, PVA-217 na 22-88 ni ndugu wa karibu, ingawa si pacha, na anayelinganisha bei za wauzaji watatu bila kulijua hili anaweza kuamini kwamba analinganisha bidhaa tatu tofauti. Kwa mfumo huohuo wa China, 1799 na 2488 sasa zinasomeka zenyewe. Omba cheti cha uchambuzi cha kila shehena na uangalie mnato halisi, hidrolisisi, unyevu na majivu, kwa sababu namba ya gunia hutaja kiwango cha katikati cha daraja hilo tu.

Hatua ya 2: Andika kasoro kwa sentensi moja

Kabla ya kuomba sampuli ya resini iliyorekebishwa, andika kwa sentensi moja ni kitu gani kinachoshinda resini ya sasa, na kwa mazingira gani. "Gundi haifai" si sentensi ya kufanyia kazi. "Lebo inang'oka kwenye chupa baada ya saa moja ndani ya maji ya barafu" ni sentensi ya kufanyia kazi, kwa sababu inataja adui, muda na halijoto. Vivyo hivyo "utando wa mfuko wa dawa ya unga haumalizi kuyeyuka baada ya kukaa stoo miezi sita" unatuelekeza kwenye kemia fulani mahususi, kama tutakavyoona.

Kisha jiulize maswali mawili ambayo mara nyingi humaliza suala bila ununuzi wowote. La kwanza ni kama kuhama kutoka asilimia 88 kwenda 99, ndani ya resini za kawaida, hakutoshi. Kwa upande wa kustahimili maji, hatua hiyo peke yake huleta tofauti kubwa, na gharama yake ni mvuke wa ziada tu. La pili ni kama resini ya sasa imeyeyuka yote. Chota myeyusho kidogo, umwage juu ya kioo safi, uinamishe kioo kuelekea mwanga wa dirisha: myeyusho uliokamilika ni angavu na laini, ilhali usiokamilika huonyesha chembe zilizovimba, zinazong'aa pembeni na zenye kiini cheupe katikati. Chembe hizo ni resini uliyoilipia ambayo haishiki chochote.

Hatua ya 3: Linganisha kasoro na aina ya urekebishaji

Resini hurekebishwa kwa kuingiza kiasi kidogo cha kemikali nyingine kwenye mnyororo, ama wakati wa upolimishaji, yaani minyororo inapoundwa, ama baada yake. Aina ni nyingi. Hapa nazitaja zile ambazo kiwanda cha kati kinaweza kukutana nazo.

Kama adui ni maji au unyevu wa hewa, kuna njia kadhaa, na kila moja ina masharti yake. Resini yenye ethilini ndani ya mnyororo, ambayo Kuraray huiuza kwa jina la Exceval, huvumilia maji kuliko ile ya kawaida bila kuhitaji kemikali ya pili, na hulinda uwezo wake wa kuzuia oksijeni hata hewa inapokuwa na unyevu. Kwa mtengenezaji wa karatasi za kufungashia chakula au karatasi za kubandulia stika, hii ndiyo ya kujaribiwa mwanzo. Sharti lake ni joto: lazima ipikwe kwa uangalifu karibu na nyuzi 95, na myeyusho wake usiachwe upoe na kukaa muda mrefu. Resini yenye vikundi vya asetoasetili huenda mbali zaidi, kwa kuwa vikundi hivyo hufungamana kwa haraka na kemikali kama glioksali au hidrazidi hata kwenye joto la kawaida. Ndiyo maana hupakwa juu ya karatasi za risiti zinazochapishwa kwa joto, ambazo haziwezi kukaushwa kwa moto mkali bila kuwa nyeusi. Resini yenye silanoli hushikana na silika na madini mengine yenye asili ya mchanga, na kazi yake kuu ni kwenye karatasi za kuchapishia picha kwa wino wa maji. Mtengenezaji wa gundi ya katoni hana haja nayo.

Kama adui ni alkali, asidi au klorini, suala ni la mifuko inayoyeyuka: vifuko vya sabuni, vya dawa za kuulia wadudu shambani, vya kemikali za kusafishia mabwawa ya kuogelea. Resini ya asilimia 88 ikikaa na unga wenye alkali, asetati zilizobaki huendelea kuondolewa polepole, na utando ambao siku ya kwanza uliyeyuka kwenye maji baridi huelekea kuwa wa asilimia 99 na kukataa kuyeyuka. Hilo ndilo jibu la ule mfuko uliokaa stoo miezi sita. Resini yenye vikundi vya kaboksili hustahimili alkali vizuri, kwa kuwa alkali yenyewe huvifanya vikundi hivyo vipende maji zaidi. Mbele ya asidi, hata hivyo, kaboksili inaweza kujifunga na alkoholi ya jirani kwenye mnyororo huohuo na kupunguza uyeyukaji, na hapo resini yenye vikundi vya sulfoniki ndiyo salama, kwa sababu vyenyewe havifanyi hivyo. Mnunuzi anayeelezwa kwamba aina zote mbili "ni sawa tu" aombe kwanza kujua pH (kipimo cha asidi na alkali) ya bidhaa itakayowekwa ndani.

Kwa viwanda vya nguo, kazi kubwa ya PVA ni kutia nguvu nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, kabla ya kufuma, hasa nyuzi za mchanganyiko wa pamba na poliesta, ili zistahimili msuguano wa kitana na nyaya za kitanda cha kufumia. Hapa ugumu hauko kwenye kushika bali kwenye kutoka. Utando ukiwa na nguvu kupita uzi wenyewe, nyuzi zilizogandamana hukatika zinapotenganishwa, na manyoya huinuka. Resini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha methili akrilati hutoa utando laini, unaoachana kwa urahisi baada ya kukaushwa, na hutoka kwa maji ya moto kwa haraka zaidi kuliko PVA ya kawaida ya hidrolisisi kamili. Jambo moja la kuangaliwa ni mpangilio wa kazi baada ya kufuma: kitambaa kikipitishwa kwenye miale ya gesi ya kuchoma manyoya kabla ya kuoshwa, joto hufanya utando ushikane zaidi, na soda kali ikitangulia maji safi ya moto, resini ya hidrolisisi ya sehemu hugeuka kuwa kamili ikiwa ndani ya kitambaa. Kiwanda kinacholalamika kwamba rangi inashika kwa madoa mara nyingi kina mabaki ya PVA, wala hakina tatizo la rangi.

Kuna pia resini zenye chaji chanya, zinazoshikana na nyuzi za karatasi na wino wenye chaji hasi, na resini zenye mikia inayochukia maji, ambazo huongeza unene wa mchanganyiko. Hizi ni za kazi finyu. Mwenye haja nazo kwa kawaida ameshazijua.

Hatua ya 4: Pika kwa utaratibu

Chukua mfano wa kilo 500 za myeyusho wa asilimia 10. Unga wa PVA huja na unyevu, na cheti kikisema asilimia 5, kilo 50 za resini kavu zinahitaji kilo 52.6 za unga. Maji yanayobaki ni takriban kilo 447. Kama tangi lina koti la mvuke, tia maji hayo yote. Kama mvuke unaingizwa moja kwa moja ndani ya myeyusho, utageuka kuwa maji, na kupasha kutoka nyuzi 25 hadi 92 huongeza karibu kilo 50. Anza basi na maji ya kilo 395 hivi, kisha sawazisha mwishoni. Viwanda vingi vinavyolalamika kwamba mnato hubadilika kutoka pishi hadi pishi vina mvuke wenye maji mengi ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Maji ya kuanzia yawe baridi, chini ya nyuzi 30, na kwa resini ya hidrolisisi ya sehemu yawe baridi kadiri inavyowezekana. Katika miji ya pwani, Dar es Salaam au Mombasa, maji ya simtanki lililo juu ya paa mchana yanaweza kuwa ya vuguvugu kiasi cha kuharibu pishi kabla halijaanza, hivyo ni afadhali kutumia ya tangi la chini au kupika asubuhi. Washa kikorogeo kwanza, kiasi cha kufanya uso wa maji uzunguke na kubonyea kidogo katikati bila kuvuta hewa, kisha mwaga unga polepole kwenye bonde hilo. Anayemimina gunia zima kwa mkupuo atapata madonge ambayo nje yake huvimba mara moja na kuwa ute, na ute huo huzuia maji yasifike ndani. Donge la namna hiyo ukilikata kwa kisu, katikati utakuta unga mkavu kama ulivyotoka kwenye gunia, hata baada ya saa nzima ya moto.

Endelea kukoroga kwa dakika 10 hadi 15 bila moto, ili chembe zinywe maji. Kisha pasha: nyuzi 85 hadi 90 kwa resini ya hidrolisisi ya sehemu, nyuzi 92 hadi 95 kwa ya hidrolisisi kamili na kwa yenye ethilini. Shikilia joto hilo kwa dakika 30 hadi 60, ukipima kwa kipimajoto kilichozama ndani ya myeyusho, wala si kwa geji ya bomba la mvuke. Muda huhesabiwa tangu joto linapofikiwa. Rudia jaribio la kioo. Kama chembe bado zipo, ongeza muda kabla ya kuongeza chochote kingine.

Povu lidhibitiwe kwa kikorogeo chenye mapanga makubwa yanayozunguka polepole, na kizuia povu kitumike kidogo, kitiwe mapema. Kizuia povu cha silikoni kikizidi huacha vijishimo kwenye utando wa karatasi, kasoro ambayo itakusumbua kuliko povu lenyewe.

Pishi likiisha, chuja likiwa la moto, sawazisha maji, na lipoe huku likikorogwa polepole na tangi likiwa limefunikwa, la sivyo ngozi hutanda juu na baadaye huvunjikavunjika ndani ya gundi. Myeyusho mzito wa hidrolisisi kamili ukikaa siku kadhaa hunenepa na unaweza kuganda. Kuupasha tena huurudisha. Ukihifadhiwa muda mrefu unahitaji dawa ya kuzuia bakteria na kuvu.

Sakafu isafishwe unga ukiwa bado mkavu. Unga wa PVA uliomwagika ukiguswa na maji huwa utelezi wa hatari, na vumbi lake laini likitanda hewani kwa wingi linaweza kulipuka likikutana na cheche, kwa hiyo sehemu ya kumwagia iwe na kifyonza vumbi na mitambo iwe na waya wa ardhi.

Hatua ya 5: Tia kifungamanishi, na ujue kinachogombana nacho

Resini za asetoasetili, na za kaboksili pale zinapotakiwa kuvumilia maji badala ya kuyeyuka, hazitoi manufaa yake yote mpaka zifungamanishwe, yaani minyororo yake iunganishwe kwa kemikali ya pili. Kwa asetoasetili ni glioksali au dihidrazidi ya asidi ya adipiki; kwa kaboksili ni resini ya poliamaidi-epiklorohidrini, ileile ambayo viwanda vya karatasi huitumia kwa tishu zisizochanika zikilowa. Andaa myeyusho wa resini, uache upoe, kisha tia kifungamanishi kilichozimuliwa kwenye kiasi kitakachotumika zamu hiyo tu, kwa kuwa mchanganyiko huanza kunenepa papo hapo na hakuna joto litakaloyeyusha kilichokwisha kufungamana. Glioksali hudhuru ngozi na macho; glavu na miwani si hiari.

Boraksi na asidi ya boriki zinastahili tahadhari ya pekee. Gundi ya kutengenezea mirija ya karatasi hutiwa asidi ya boriki ili ishike haraka ikiwa bado mbichi, na hufanya kazi vizuri mradi mchanganyiko ubaki na asidi kidogo. pH ikipanda, boroni huzifunga minyororo na gundi hugeuka kuwa ute unaovutika. Kwa sababu hiyo kijazo cha gundi hiyo ni kaolini, yaani udongo mweupe laini. Anayeona kwamba unga wa chokaa ni wa bei rahisi na kuubadilisha bila kuuliza, chokaa itapandisha pH na pishi zima litaganda ndani ya pampu. Mabaki ya sabuni yenye alkali kwenye tangi lililooshwa jana yanatosha kuanzisha jambo hilohilo.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuagiza kontena

Mwaga myeyusho wa resini ya zamani na wa mpya juu ya vioo viwili, kwa kiasi kinacholingana, uviache vikauke kwa hali ileile ambayo mashine yako hukaushia. Bandua utando, upime uzito wake, uuzamishe kwenye maji ya nyuzi 20 kwa saa 24, uukaushe kwenye tanuri la nyuzi 105, uupime tena. Uzito uliopotea ni resini iliyoyeyuka, na tofauti kati ya vioo viwili ndiyo kitu unachonunua kwa bei ya ziada. Kama tofauti ni ndogo, kwanza kagua joto la ukaushaji, kwa sababu utando wa hidrolisisi kamili uliokaushwa kwa joto la juu zaidi hujipanga vizuri na kupata ustahimilivu ambao ule uliokaushwa kivulini hauna.

Kwa kutafuta mabaki kwenye kitambaa au karatasi, dondoshea mchanganyiko wa iodini na asidi ya boriki: PVA hutoa rangi ya buluu au ya kijani-buluu. Kama kitambaa kilitiwa pia wanga wa mahindi au wa muhogo, iodini peke yake itatoa buluu ya wanga, kwa hiyo osha kwanza kipande kwa kimeng'enya kinachovunja wanga, kisha ndipo upime PVA.

Hatua ya 7: Panga njia ya majitaka

Maji yaliyosafisha matangi au yaliyoondoa PVA kwenye kitambaa hayana sumu kali, lakini hubeba mzigo mkubwa wa mata ya kikaboni na hutoa povu kwenye mabwawa ya kusafishia. Bakteria wanaoweza kuila PVA wapo, ila lazima wazoeshwe kwa kulishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kuyamimina maji ya siku nzima kwa pamoja huwaacha wakipitwa. Kiwanda cha nguo chenye mtiririko mkubwa kinaweza kufunga vichujio vya utando laini vinavyozuia minyororo mirefu na kupitisha maji, kisha resini iliyokolezwa ikarudishwa kwenye mtande. Hilo huwezekana pale tu ambapo resini ya aina moja inatumika bila kuchanganywa na wanga, jambo la kukumbukwa na anayetaka kuanza kutumia aina tatu za resini kwa mpigo. Resini iliyofungamanishwa haiingii katika mzunguko huo hata kidogo. Mabaki yake yakusanywe yangali hayajaganda, yaachwe yakauke, na yatolewe kama taka ngumu.